Jivu Juu ya Matumbawe: Jibu kwa Mkulima wa Uani wa Kisauni

Msomaji wetu wa Kisauni, Mombasa, mama wa watoto watatu, ameandika hivi: “Mwalimu, shikamoo. Nyuma ya nyumba nina kiwanja cha mita sita kwa nane. Udongo wake ni mchanga mweupe, na ukichimba kidogo jembe linagonga mawe ya matumbawe. Tangu bei ya mboga ipande nimeazimia tulime chakula chetu wenyewe bila mbolea ya dukani wala dawa za sumu. Nilitazama kwenye simu mafunzo ya mkulima wa bara aliyesema jivu ni mbolea nzuri, nikawa namwaga jivu la jikoni kila wiki kwa miezi minne. Sasa sukuma wiki yangu inatoa majani machanga ya manjano, mishipa yake tu ndiyo ya kijani. Maji ninateka kisimani. Nimekosea wapi, nianzie wapi, na je, kiwanja hiki kitaweza kutulisha kweli? Na hii sukuma niing’oe?”

Marahaba, mwanangu. Nitaanza na jambo ulilolitaja kwa kupita tu, yaani mishipa ya kijani ndani ya jani la manjano, kwa kuwa humo mna nusu ya jibu. Mboga ikikosa naitrojeni, majani yanayotangulia kugeuka manjano ni yale ya chini yaliyozeeka, kwa sababu mmea huyanyang’anya akiba yake ili uyalishe machanga. Kwako mambo ni kinyume: majani ya juu ndiyo yanayougua, na ya chini bado yana rangi yake. Hiyo ni dalili ya upungufu wa chuma, madini ambayo mmea ukishayaweka katika jani moja hauwezi kuyahamishia jingine. Wala si kwamba chuma hakimo katika udongo wako. Kimo, lakini kimefungwa, kwa maana udongo wenye chokaa nyingi hukishika chuma, pamoja na zinki na fosforasi, katika hali ambayo mizizi haiwezi kuyanyonya madini hayo. Jivu lako la kila wiki limeizidisha hali hiyo.

Mafunzo uliyoyatazama huenda hayakuwa na kosa lolote kwa yule aliyeyatoa. Udongo wa nyanda za juu, kama wa Murang’a, Kisii au Kericho, umeoshwa na mvua nyingi kwa muda mrefu mno hata ukabaki na asidi, na ndiyo sababu majani chai hustawi huko. Mkulima wa huko akimwaga jivu anaipunguza asidi hiyo, na mazao yake hunawiri. Sisi tumejenga juu ya matumbawe. Mwamba ulio chini ya kisiwa na ulio chini ya ukanda wa Nyali, Kisauni na Bamburi ni mabaki ya viumbe wa baharini, nayo mabaki hayo karibu yote ni kalsiamu kaboneti, yaani madini ya chokaa. Wazee wetu waliyachoma kwenye matanuu wakapata chokaa ya kujengea nyumba za Mji wa Kale. Mboga nyingi hupenda udongo ambao kipimo chake cha asidi, kile kinachoitwa pH, kiko kati ya 6 na 7; namba ikipanda, asidi inapungua na uchokaa unazidi. Udongo wa matumbawe kwa kawaida huwa karibu na 8, na jivu la kuni au la makaa hupita 10. Kwa hiyo kumwaga jivu hapa ni kutia chumvi baharini, na huyo wa bara hakujua kwamba wewe unamsikiliza kutoka Kisauni.

Usikubali neno langu bila kulipima. Chimba shimo la kina cha sentimita 15 mahali ambapo hujawahi kumwaga jivu, chota vijiko viwili vya udongo, uuanike kivulini mpaka ukauke, kisha utoe vipande vyote vya kome na matumbawe unavyoviona. Uweke udongo huo kwenye kisosi, umimine siki nyeupe ya jikoni kiasi cha kuulowesha, na ukiinamie kisosi kwa sikio. Ukiwa na chokaa utausikia ukichemka taratibu, kama soda iliyofunguliwa sasa hivi, na utaona vipovu vidogo vikipanda na kupasuka kwa muda. Rudia kipimo hicho kwa udongo wa pembe nyingine ya kiwanja, kwa sababu Mombasa haina udongo wa aina moja. Upande wa Changamwe na Mikindani kuna mfinyanzi mzito unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi, na hata huko kwenu kuna viwanja vyenye mchanga wa kina kirefu ambao hauna chokaa ya kutajika. Siki ikinyamaza kabisa pande zote mbili, basi tatizo lako linatokana na jivu peke yake, na litapona upesi zaidi. Anayetaka kipimo kamili na amuulize afisa wa kilimo wa wadi yake, au afike katika kituo cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kilichoko Mtwapa, aulize namna ya kupeleka sampuli.

Wako watakaokushauri ukamulie ndimu shambani, umwage siki, au ununue unga wa salfa ili uishushe pH ya udongo. Salfa inaruhusiwa katika kilimo hai, na kwenye udongo usio na chokaa hufanya kazi vizuri. Lakini udongo unaochemka ukiguswa na siki una chokaa isiyoisha, na kila tone la asidi utakaloliingiza litamezwa siku hiyo hiyo. Utamaliza fedha kabla ya kuumaliza mwamba.

Dawa ya udongo wako ni mboji, nami nataka uelewe inavyotenda kazi, maana asiyeelewa huiweka mara moja kisha akasema haikufaa. Mabaki ya mimea na ya wanyama yanapooza hutoa asidi laini ambazo hukizunguka chuma na kukishikilia katika hali ambayo mizizi inaweza kukinyonya, hata kama udongo kwa jumla bado una chokaa. Pamoja na hayo, mboji hushika maji mahali ambapo mchanga mtupu huyaachilia yakashuka moja kwa moja, na huzuia madini yasioshwe na mvua za masika. Sasa ndipo penye tofauti kubwa kati yetu na watu wa baridi. Vijidudu vinavyoozesha mboji hufanya kazi kwa kadiri ya joto, na hapa Mombasa hata usiku wa Julai joto haliendi mbali chini ya nyuzi 20, kwa hiyo vijidudu hivyo havipumziki mwaka mzima. Mboji ambayo kule Limuru ingekaa misimu kadhaa, mchanga wetu unaila katika msimu mmoja au miwili. Anayelima Pwani anapaswa kuuona udongo wake kama pipa linalovuja: halijazwi siku moja likasahauliwa, bali hutiliwa kidogo kidogo bila kukoma. Shughuli yote ya kutunza udongo uani kwako itakuwa hiyo, kutafuta kitu cha kutilia wiki hii na wiki ijayo.

Kwamba jambo hili linawezekana juu ya matumbawe makavu, ushahidi uko mwendo wa matatu moja kutoka kwako. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo mzaliwa wa Uswisi, alianza kuotesha miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, ambako udongo wote ulikuwa umekwisha kuondolewa na kubaki sakafu ya jiwe. Alijaribu aina 26 za miti, zikaishi tatu tu, na uliofanya vizuri kuliko yote ulikuwa mvinje, mti ambao mizizi yake huishi pamoja na bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani. Hata hivyo majani ya mvinje yalikuwa yakianguka na kulala pale pale bila kuoza, kwa kuwa yana tanini nyingi, ule ukakasi ambao bakteria hawauwezi. Kilichobadilisha mambo ni jongoo. Walipoletwa, waliyatafuna majani yale, na kinyesi chao kikawa ndicho chakula ambacho bakteria walikiweza, hivyo mboji ikaanza kujikusanya juu ya jiwe. Leo mahali hapo ni msitu unaotembelewa na watalii, Haller Park. Kwa hiyo ukimkuta jongoo chini ya majani makavu uani kwako usimpige ndara. Atakugusia mche mmoja au miwili, lakini kazi anayokufanyia usiku ni kubwa kuliko hasara hiyo.

Tuje kwenye rundo lenyewe. Lijenge kivulini, chini ya mwembe au mwarobaini ikiwa upo, na ulijenge juu ya ardhi badala ya shimoni, kwa sababu shimo la mchangani hupoteza utomvu wote wa mboji kwenda chini. Upana na urefu viwe mita moja moja, na kimo mita moja. Likipungua hapo halipati joto, na bila joto mbegu za magugu na vimelea vya magonjwa havifi. Anza na vijiti na makumbi ya nazi kimo cha kiganja ili hewa ipite, kisha panga tabaka: vikapu vitatu vya vitu vikavu kwa kikapu kimoja cha vitu vibichi. Vikavu ni majani ya mwembe, makuti yaliyochakaa, maboksi yaliyochanwachanwa na majani ya mgomba yaliyokauka. Vibichi ni maganda ya ndizi, ya viazi, ya mihogo na ya maembe, mabua ya mchicha, magugu ambayo hayajatoa mbegu, na samadi. Kila tabaka linyunyizie maji mpaka ukilifumbata mkononi liwe kama kitambaa kilichokamuliwa, chenye unyevu lakini kisichochuruzika. Juu funika kwa gunia au makuti.

Chomeka kijiti kirefu katikati ya rundo na ukiache humo. Asubuhi ya siku ya nne, kabla jua halijapanda, kichomoe na ukishike kwa upande wa ncha. Rundo langu la mwisho, nilipokichomoa kijiti, kilikuwa cha moto kiasi kwamba nilikihamisha kutoka kiganja hiki hadi hiki, na ncha yake ilikuwa na unyevu na harufu ya majani yaliyolowa mvua. Hapo moyo wangu ulitulia, kwa kuwa ndani kulikuwa na nyuzi zipatazo 60. Kijiti kikitoka baridi na kikavu, rundo lina kiu au limepungukiwa na vitu vibichi. Kikitoka kikinuka kama mtaro, maji yamezidi na hewa hakuna, nawe uligeuze na kuongeza majani makavu. Geuza mara ya kwanza baada ya wiki mbili, kisha kila baada ya wiki mbili au tatu, na kwa joto letu utakuwa na mboji nyeusi isiyonuka katika muda wa wiki 10 hadi 12.

Kuhusu vitu vya jikoni kwetu nina maneno machache ambayo huwezi kuyapata katika mafunzo ya bara. Machicha ya nazi yana mafuta. Ukiyamwaga tabaka nene yatachacha na kuita panya na sisimizi, basi changanya kiganja kimoja katika kikapu kizima cha majani makavu, au uwape kuku, nao watakurudishia samadi. Vifuu havifai rundoni, maana vitachukua miaka. Vitumie kuoteshea miche. Makumbi ni hazina, na wauzaji wa madafu wengi watakupa bure ukiwaondolea, lakini yana chumvi ndani yake, hivyo yaloweke siku mbili katika maji ya mvua, uyamwage maji hayo mbali na mboga, kisha uyakatekate kwa panga. Matumbo na mifupa ya samaki ni mbolea nzito sana, ila katika mji wenye paka wengi kama wetu rundo lako litafukuliwa kabla hujafunga mlango, kwa hiyo yazike kina cha mkono mzima na uweke jiwe juu. Mwani unaotupwa ufukweni wakati wa kusi unafaa pia ukiachwa nje ukaoshwa na mvua kubwa mbili au tatu. Chukua kidogo ule uliokauka juu juu, wala usifukue mchanga wa pwani, kwa kuwa kasa hutaga humo.

Samadi ya mbuzi au ya ng’ombe ni rahisi kuitumia kuliko ya kuku. Mwaka mmoja nilinunua magunia matano ya samadi ya kuku kwa mtu aliyeniapia kwamba imekaa miezi sita. Nilikuwa na haraka, nikaiweka siku hiyo hiyo kwenye mashina ya mibiringani 30. Siku ya nne majani yalikuwa kama yaliyobabuliwa na moto, na kabla ya juma kwisha mibiringani 22 ilikuwa imekufa. Kosa lilikuwa langu zaidi kuliko lake, kwa sababu sikufanya kitu kinachochukua nusu dakika: kuingiza mkono mpaka katikati ya gunia. Samadi yenye vuguvugu, au inayochoma pua unapoinama, bado ni mbichi, na mahali pake ni ndani ya rundo.

Neno moja la hadhari. Ukishawishika kununua udongo mwekundu unaouzwa kwa lori, ujue kwamba mara nyingi nao ni mchanga maskini wenye rangi tu. Utakuongezea kina juu ya matumbawe, lakini hautakuwa badala ya mboji. Na kabla ya kuupokea uliza umechimbwa wapi. Yaliyowapata wakazi wa Owino Uhuru hapa hapa Mombasa, ambao madini ya risasi kutoka betri kuukuu yaliingia katika udongo na katika damu ya watoto wao, yanatosha kutuonya kwamba mahali palipokuwa gereji, dampo au kiwanda hapalimwi mboga za kula bila kupimwa.

Sasa hesabu ya kiwanja chako. Mita sita kwa nane ni mita za mraba 48, nami nakusihi usizilime zote. Tengeneza matuta matatu tu, kila moja upana wa mita 1.2 ili mkono ufike katikati bila kukanyaga, na urefu wa mita 3. Jumla ni kama mita za mraba 11. Debe moja la lita 20 likitandazwa kwenye mita moja ya mraba hutoa unene wa sentimita 2, kwa hiyo utahitaji madebe 11 ya kuanzia, uyachanganye na udongo wa juu kina cha sentimita 15. Rundo la mita moja kwa kila upande likioza hupungua hadi nusu au chini yake, hivyo rundo moja litatosha matuta hayo na kubakiza akiba. Baada ya hapo weka nusu debe kwa kila mita ya mraba kila unapobadilisha zao. Pale matumbawe yalipo karibu sana na uso wa ardhi, inua tuta kwa kulizungushia mawe hayo hayo unayoyachimba, au tumia magunia yenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji.

Matuta yakishapandwa, usiache mchanga wazi hata kiasi cha kisosi. Saa saba mchana mwezi wa Februari mchanga mtupu huchoma unyayo, nao mizizi midogo iliyo karibu na uso huungua vivyo hivyo. Tandaza majani makavu au makumbi yaliyokatwakatwa unene wa vidole vinne, ukiacha nafasi ya vidole viwili kuzunguka kila shina, kisha saa hiyo hiyo ya mchana ingiza vidole chini ya matandazo hayo. Utashangaa kukuta ubaridi na unyevu wa jana. Matandazo makavu sana yataliwa na mchwa, jambo ambalo wengi hulilalamikia, ila mchwa nao wanaingiza chakula ardhini. Mradi mboga ina maji ya kutosha, mara nyingi hawaigusi.

Maji ya kisima ndiyo yanayonitia wasiwasi kuliko mchanga wenyewe. Visima vyetu vingi vina mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Ule ukoko mweupe mgumu unaoganda ndani ya birika ni chokaa, nayo inakuongezea lile tatizo la chuma pole pole. Chumvi ni jambo jingine, huonekana kwa kingo za majani kukauka na kuwa kahawia, na huzidi mwishoni mwa kaskazi, mnamo Februari na Machi, wakati visima vimeshuka na kila nyumba inavuta maji. Ikiwa ulimi wako unaionja chumvi, maharagwe na vitunguu havitakufaa kabisa; spinachi huvumilia zaidi, na mnazi hauna neno. Mwagilia mara chache kwa maji mengi yanayoshuka mpaka chini, badala ya kunyunyiza kidogo kila siku, kwa sababu unyunyizaji huo hukauka na kuiacha chumvi juu, hapo hapo penye mizizi.

Afadhali kuliko yote ni maji ya mvua. Mombasa hupata zaidi kidogo ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 basi huangukiwa na lita 40,000 kwa mwaka, na hata ukipoteza moja ya tano unabaki na 32,000. Huna mahali pa kuyaweka yote, najua, lakini mvua moja kubwa ya usiku wa Mei hukaribia kujaza tangi la lita 1,000, na maji hayo ndiyo ya kuoteshea miche, ambayo huumizwa na chumvi kuliko mimea mikubwa. Matuta yako matatu wakati wa kaskazi yatakunywa kama lita 60 kwa siku, yaani mitungi mitatu. Ukinunua maji ya mkokoteni kwa ajili ya mboga, hakuna kujitegemea tena hapo, ni afadhali uende sokoni Kongowea. Maji ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe chooni, yapeleke shambani. Ya kufulia yenye sabuni ya unga yaache yaende zake.

Uliuliza kama kiwanja kitawalisha. Wanga hakitawapa. Ukipanda mahindi mita zote 48, na yakubali vizuri, utavuna kama kilo 10, ambazo ni unga wa siku chache tu kwa watu watano. Lakini mboga ya majani, kwa uzoefu wangu, matuta matatu yaliyotunzwa huipatia familia kama yako siku nne kwa wiki, na ikipandwa kwa zamu pengine tano. Siri yake ni kuacha kuipa sukuma wiki cheo isichostahili hapa kwetu. Ni mboga ya baridi; ipande Juni, kusi likiwa limepoza hewa, na uipe tuta moja tu. Mengine wape wenyeji: mchicha, ambao huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne, kunde, zinazoliwa majani kisha mbegu na kuachia udongo naitrojeni, mabamia, mnavu, mrenda, mchunga kwa wanaoujua utamu wa uchungu wake, na matembele, ambayo ukichomeka marando leo hutahangaika tena. Kwenye ua panda mbaazi, mpapai na mronge mmoja, kwa kuwa hivyo havitaki mengi. Muhogo wa kisamvu nao una nafasi, mradi majani yatwangwe na kuchemshwa sana kama walivyofanya mama zetu, maana mabichi yana sumu. Mbegu za kunde, mabamia na mchicha zitunze mwenyewe, ukichagua mmea bora tangu mapema na kuufunga uzi mwekundu, kabla watoto hawajauchuma.

Wadudu hawatakusumbua sana mwaka wa kwanza. Vidukari kwenye kunde waoshe kwa maji asubuhi, na wakizidi twanga kokwa za mwarobaini zilizokauka kivulini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, uache usiku kucha, uchuje kwa kitambaa, utie sabuni ya kipande kidogo tu na upulize jioni inayofuata, kwa kuwa jua huiua nguvu yake. Ukiing’oa mboga na kukuta mizizi ina vinundu kama shanga, usipande tena bamia, nyanya wala biringani hapo mpaka msimu wa pili upite. Hiyo ni minyoo ya mizizi, nayo huupenda mchanga. Usivichanganye vinundu hivyo na vile vya kunde, ambavyo huchomoka kwa ukucha na ndani yake ni vyekundu. Hivyo ndivyo vinavyotengeneza naitrojeni.

Kunguru wanaong’oa miche utawazuia kwa wavu kuukuu wa kuvulia samaki. Jivu lako kuanzia leo limwage kwenye choo cha shimo ikiwa mnacho, au umtunzie jamaa anayesafiri kwenda Kisii.

Na hiyo sukuma iliyopo, usiing’oe yote. Bakiza miche sita iliyo imara zaidi, ukwangue udongo wa juu wenye jivu kina cha vidole viwili kuizunguka na uutoe nje ya tuta, kisha uweke nusu debe la samadi iliyooza kabisa kwa miche hiyo sita, na matandazo juu yake. Imwagilie maji ya mvua kadiri utakavyoyapata, na ya kisima pale tu usipokuwa na budi. Majani yaliyokwisha kuwa manjano hayatarudi kuwa kijani, nawe usiyatazame hayo. Tazama yale madogo kabisa ya katikati, yatakayofunguka baada ya wiki tatu. Yakitoka ya kijani kote, endelea. Yakitoka bado na mishipa tu, ing’oe, uitie rundoni, na mahali pake umwage mbegu za mchicha.